Lenzi Inayoona Uso Mmoja

Nilikuwa na karatasi tatu za filamu na wazee wawili wa kupigwa picha, na mmoja wao alikuwa anaumwa kwa sababu yangu. Hivyo ndivyo ukoo ulivyosema. Mimi nilisema huo ni ujinga, na nilisema kwa sauti, maana mimi nikiogopa hugomba. Wanaonijua wanajua: nikinyamaza nina amani, nikipiga kelele kuna kitu kimenishika moyo. Wiki ile niligombana na kila mtu mjini kwetu Kamina, hadi mama muuza makaa, ambaye kosa lake hata silikumbuki.

Lazima nieleze kamera kwanza, la sivyo kosa langu halitaeleweka.

Studio niliirithi kwa baba. Ni chumba kimoja chenye dirisha pana upande usiopigwa na jua, na nyuma yake kijichumba cha giza ambamo mtu mnene hawezi kugeuka. Kinachonilisha ni kamera ndogo ya kisasa na printa: picha za pasipoti, picha za komunyo ya kwanza, picha za wake wa askari wa kambini wanaotaka waume zao walioko mbali waone jinsi watoto walivyokua. Lakini katikati ya chumba linasimama sanduku la mbao la baba, juu ya miguu mitatu, na mbele yake imefungwa lenzi ya shaba, nzito kama jiwe la kusagia. Baba alipewa na padri mzee aliyekuwa anarudi kwao. Wakati ule tayari ilikuwa kongwe. Sasa imepita miaka mia, na mimi naisugua kila Jumamosi.

Lenzi hiyo haina kifyatulio. Unavua kifuniko chake kwa mkono, unahesabu, unakirudisha. Kabla ya hapo unajifunika kitambaa cheusi na kumtafuta mtu wako kwenye kioo cha nyuma, ambako amepinduka, kichwa chini, na unasogeza kidogo kidogo mpaka macho yake yawe makali. Macho tu. Masikio tayari yameanza kuyeyuka, na ukuta wa nyuma unazunguka kama uji unaokorogwa. Unene wa eneo linaloonekana vizuri haupiti kidole changu. Zamani kulikuwa na vibati vyenye tundu vya kuchomeka ndani ya lenzi ili eneo hilo liongezeke. Vilipotea kabla sijazaliwa, na baba hakuvitafuta, kwa sababu yeye alipenda kupiga mtu mmoja mmoja.

Filamu ya ukubwa ule haiuzwi Kamina, na mimi sina mtu Ulaya wa kuniletea. Natumia filamu ya hospitali, ile ya kupigia picha za mifupa. Fundi wa mashine hiyo, ambayo sisi tunaiita radio, alinipa maboksi yaliyobaki hospitali ilipopata mashine ya kompyuta. Ni filamu iliyopitwa na muda. Ukiigusa kwa ukucha inachubuka, na ngozi zetu nyeusi inaziona kwa shida, hivyo lazima uipe mwanga mwingi. Lakini inavumilia taa nyekundu, kwa hiyo unaweza kusimama juu ya sahani ya dawa ya kusafishia filamu ukaona uso wa mtu ukijitokeza taratibu. Kwa ajili ya dakika hiyo moja nimevumilia mengi, pamoja na kuitwa mwanamke aliyekosa kazi.

Sasa kosa.

Mama yangu ni pacha. Mapasa, kama tunavyosema huku. Mwenzake, aliyetangulia kutoka tumboni, ni mama mkubwa wangu, na aliolewa Bukama, kwa watu wa samaki kando ya mto Lualaba. Mtoto wa pacha hafundishwi desturi ya mapacha, anakulia ndani yake. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Baba akinunua kitenge alinunua viwili, na cha pili kilipanda treni. Mgeni akija na kuku mmoja, mama alimrudisha mlangoni: “Leta mbili, ao rudi na yako.” Pacha aliyenyimwa, wazee wanasema, yeye mwenyewe hasemi. Unaosema ni mwili wake.

Nilijua hayo yote tangu sijaota meno. Kiangazi kilichopita niliifungua lenzi kuisafisha, maana kati ya vioo vyake kulikuwa na utando, na baada ya kuifunga nilikaa siku nyingi nikiogopa kwamba nimerudisha kioo kimoja kinyume. Asubuhi moja mama alikuja kuniletea viazi vitamu. Alikuwa amechoka kutembea. Akakaa kwenye kiti cha dirishani, akalegeza kilemba apate hewa. Mwanga ulimkaa vizuri. Nikamwambia, “Mama, usitikisike.” Nikavua kifuniko, nikahesabu mbili, nikarudisha. Nilitaka kujua kama lenzi iko sawa, basi. Ningeweza kulipiga hata gunia la viazi.

Ilitoka picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Macho ya mama yalikuwa makali hadi ungeweza kuhesabu kope, na dirisha lilionekana ndani ya kila jicho. Kilichobaki kiliyeyuka pole pole kumzunguka. Nilipandwa na kiburi. Niliichapa na kuitundika ukutani, mahali ambapo kila anayeingia anaiona kabla ya kuniona mimi. Mama alipoiona alikagua ukuta wote, kulia na kushoto.

“Na ya mwenzangu?” aliuliza.

“Siku atakuya, nitamupiga na yee.”

Mama akakaza kilemba chake, akaondoka. Ningekuwa na akili ningeishusha siku ile ile. Sikuishusha, kwa kuwa wateja walikuwa wanaisifu.

Mwanamke mmoja muuza samaki, mtu wa Bukama, alikuja kupiga picha ya pasipoti. Aliiona, akapeleka habari. Haikupita wiki, simu ikalia. Mama mkubwa hana salamu ndefu. “Nasikia ndugu yangu iko ku ukuta kwako,” alisema. “Na minyi utanitia wapi? Ku jikoni?” Nikacheka, nikamwahidi, nikasahau. Kabla ya mvua kuanza watu wa kwake wakatuambia kwamba hali chakula vizuri, kwamba mikono inamtetemeka hata hawezi kushika kikombe, kwamba amekonda hadi pete imemtoka kidoleni ikaanguka mtoni. Mama alikuja studio mchana, akanitazama, akaigeuza picha yake ikaangalia ukuta, akarudi nyumbani. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu hayakusubiri hata nipate mtoto. Kuanzia siku ile nilitaka kitu kimoja tu: mama mkubwa awe na picha sawa na ya mama kabla hajafa, na mama asinitazame tena jinsi alivyonitazama mchana ule.

Mama mkubwa alifika Januari. Treni ilichelewa siku mbili, na kwa siku hizo mbili mimi na mama tulikuwa tunakwenda stesheni asubuhi na jioni. Alishushwa na wanaume wawili. Nilimfahamu kwa sauti kabla ya sura, kwa sababu alikuwa anawatukana hao wanaume kwamba wanambeba vibaya. Uso ule ule wa mama, lakini ulioachwa juani. Walishikana mikono yote minne, kama wanavyofanya siku zote, na mama akaanza kulia. Mama mkubwa akamwambia, “Nyamaza. Nikifa utalia bulongo, muzuri kabisa.”

Nilimpeleka hospitali kwanza. Mimi naamini hospitali. Daktari alichukua damu, akaandika dawa, akamtuma kupigwa radio ya kifua. Fundi wa radio, yule yule aliyenipa filamu, alimsimamisha mbele ya bamba, na mama naye akavua kitenge cha juu, akaenda kusimama pembeni yake.

“Mama, weye hauko mugonjwa,” fundi alisema.

“Kama uko namupiga yee, unipige na minyi. Tulizaliwaka pamoja.”

Fundi alinitazama mimi, mimi nikatazama dari. Mwishowe aliwadanganya: alimpiga mgonjwa, kisha akamsogeza mama mbele ya bamba, akasema “vuta pumzi,” wala hakubonyeza kitu. Mama alishukuru. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Nje nikamwomba fundi filamu zaidi. Akatikisa kichwa, hana hata kipande. Kwangu zilibaki tatu.

“Si upige na telefone?” alisema.

Nilikuwa nimeshampa mama mkubwa wazo hilo, na jibu lake sitalisahau. “Ndugu yangu ulimupiga na mashini ya baba yako. Minyi unipige na telefone, juu ya nini? Sababu niko mutu wa Bukama?” Alitaka lenzi ile, filamu ile, dirisha lile. Na hakutaka kupigwa peke yake: kosa la kumtenga mmoja halisahihishwi kwa kumtenga wa pili. Walitaka kukaa wote wawili kwenye karatasi moja. Wote waonekane sawa. Mama alirudia neno hilo mara tatu: sawa.

Sawa, mbele ya lenzi inayoona unene wa kidole.

Siku ya kwanza niliweka viti viwili bega kwa bega. Nilijifunika kitambaa, nikawaona wamepinduka, sura moja mara mbili, nikatafuta macho ya mmoja nikapoteza ya mwingine, nikasogeza kiti, nikatoka, nikarudi. Jasho lilinitiririka. Mama mkubwa alikuwa anachoka. Nilipoona macho manne makali, niliingiza filamu haraka. Ukishaingiza filamu huoni tena kitu, unabaki kuamini tu. Nikavua kifuniko. Mama mkubwa alirudi nyuma kidogo, kama mtoto anayeona kijiko cha dawa kinamjia.

Ndani ya kijichumba, chini ya taa nyekundu, mama alitokea vizuri. Pembeni yake palikuwa na moshi uliovaa kilemba.

Nimesema siamini mambo ya mapacha. Basi kwa nini nilishindwa kutoka humo? Nilikalia ndoo, nikaitazama klishe ile, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa. Hapo nje walikuwa wananisubiri. Nilitoka nikawaambia kwamba filamu imechomwa na joto. Nilimwona mama ananiangalia mikono, si uso.

Siku ya pili nilifanya kile ambacho baba hakukifanya. Nilikata duara la katoni ya biskuti, nikatoboa tundu katikati, nikalichomeka ndani ya lenzi mahali pa vile vibati vilivyopotea. Tundu dogo linaongeza eneo lililo wazi, hilo ni kweli. Lakini linapunguza mwanga, na pale nilipokuwa nahesabu mbili, sasa ilinibidi kuhesabu kumi na sita. Kumi na sita kwa mgonjwa anayetetemeka! Nilimwambia ashike magoti yake kwa nguvu. Alijitahidi, masikini. Niliona mshipa wa shingo umemsimama. Nilipofika saba, kidevu kilianza. Nilipofika kumi, mabega. Ningeweza kurudisha kifuniko, lakini nilikuwa nimeshakaidi, nikaendelea kuhesabu hadi mwisho kana kwamba kuhesabu kutamtuliza.

Mama alitoka tena vizuri. Mama mkubwa alikuwa na pua mbili na hakuwa na macho.

Nilitoka na uongo ule ule wa joto. Mama mkubwa alikuwa amejilaza kwenye benchi la wateja. “Mwana,” alisema pole pole, “ile mashini haina kosa. Inajua nani iko nabakia na nani iko naenda.”

Nikamgombeza. Mimi, nilimgombeza mgonjwa mwenye nywele nyeupe, mkubwa wa mama yangu. Nilimwambia mashine ni mbao na shaba na kioo, haijui chochote, haijui hata kwamba iko Kamina. Nilisema dawa za daktari azimeze badala ya kuzificha chini ya mto, maana nilikuwa nimeziona. Alinisikiliza hadi nilipoishiwa pumzi. “Uko na woga,” alisema, akafumba macho.

Jioni ile nilikwenda kwa fundi, kwa mwalimu mmoja mwenye vitu vya zamani, hata kwa masista, kuuliza kama kuna mtu ana filamu yoyote. Hakuna. Nilirudi nikamkuta mama ndani ya kijichumba changu. Alisema anatafuta beseni. Klishe mbili zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba mahali nilipozisahau, na sikuwaza chochote, nilimpa beseni akaondoka. Nimejilaumu baadaye. Mama aliishi na mpiga picha maisha yake yote ya ndoa. Anasoma klishe kuliko anavyosoma kitabu cha sala.

Siku ya tatu ilibaki karatasi moja, na treni ya kurudi ilikuwa inatarajiwa mchana ule ule. Mama mkubwa hakutaka kungoja nyingine. Alisema kama ni kufa, atafia kwenye harufu ya samaki wake. Niliisafisha lenzi mara mbili, nikaogopa nimeiachia alama ya kidole, nikaisafisha mara ya tatu. Nilitupa katoni. Nilirudia hesabu ya mbili na lenzi wazi, kwa kuwa sekunde mbili ni kitu ambacho hata mgonjwa anaweza. Kilichobaki ni kuweka nyuso zote mbili ndani ya unene wa kidole kimoja.

Nilifunga uzi kwenye lenzi, nikauvuta hadi kati ya macho ya mama mkubwa, nikapiga fundo hapo. Kisha nikauvuta kwa mama na kumsogeza hadi fundo lile lile likamgusa mahali pale pale. Niliwabananisha shavu kwa shavu. Nyuma ya vichwa vyao niliegemeza gunia la mahindi juu ya stuli ili mama mkubwa asiwe na mahali pa kurudi. Niliwazungushia kitenge kimoja mabegani. Mama akaingiza mkono chini ya kitenge akaishika mikono ya mwenzake, na mtetemeko ukapungua.

“Tuko sawa?” mama aliuliza.

“Mama, usizungumuze.”

Chini ya kitambaa niliona macho manne. Makali, yote. Niliangalia mara nyingine, na nyingine tena, nikitafuta kosa, hadi mama mkubwa akauliza kama nimelala humo. Nilirudisha kifuniko, nikaingiza filamu, nikavuta kibao kinachoikinga na mwanga. Kisha nikasimama pembeni ya sanduku, nikamkazia macho mama mkubwa. Nilimtazama yeye tu. Nilikuwa namwomba kwa macho asirudi nyuma, asikohoe, asitetemeke, sekunde mbili tu, mama mkubwa, mbili.

Nikavua. Moja. Mbili. Nikafunika.

Hakutikisika hata unywele. Nilipiga vigelegele kama niko harusini.

Ndani ya kijichumba nilimwona akitokea. Macho kwanza, kisha mikunjo ya paji la uso, kisha kovu dogo la kidevuni ambalo sikujua kama analo. Kila kitu. Lenzi ile ilikuwa imemwona mzee yule vizuri kuliko ilivyowahi kumwona mtu. Nilianza kulia nikitikisa sahani ya dawa. Halafu nikaona kwamba pembeni yake hapatokei kitu. Nilisubiri. Niliongeza muda. Palitokea ukingo wa kitenge, palitokea gunia, na kati yake uso uliofutika kutoka upande hadi upande, kama mtu amepitisha kitambaa kibichi ubaoni. Macho hayakuwepo. Mdomo haukuwepo.

Mama, ambaye baba hakuhitaji kumwambia mara mbili asitikisike. Mama, ambaye kwenye misa ya saa mbili hasogezi hata mguu.

Nilitoka na mikono inayodondosha dawa. Mama mkubwa alikuwa amesinzia kwenye kiti, bado na kitenge mabegani. Mama alikuwa ameketi nje barazani, akifunga furushi la safari la mwenzake. Nilikaa karibu naye.

“Ulitikisika,” nilisema.

“Mm.”

“Mama, ulitikisa kichwa makusudi.”

Alikaza fundo la furushi. “Niliona klishe zako ku kamba. Mara mbili nabakia, mara mbili yee iko nafutika. Basi nilisema, kama lazima mumoja afutike, haiko yee.”

“Hiyo ni lenzi tu! Ni sababu ya—” Nilianza kumweleza unene wa kidole, tundu la katoni, uzi, fundo. Nilieleza vizuri sana, kama mwalimu. Alinisikiliza kwa heshima.

“Sawa,” alisema. “Sasa kama ni lenzi tu, unalia nini?”

Nikajifuta macho kwa mkono wa blauzi. Akaniwekea mkono gotini. “Yee alianzaka kuzaliwa. Alianzaka kutembea, alianzaka kuolewa. Minyi nafuata tu, miaka yote. Hii mara moja aniache nitangulie.”

Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nilirudi ndani kuitundika klishe.

Klishe ilipokauka niliichapa kwa haraka, karatasi bado ina unyevu, nikampa mama mkubwa. Aliishika karibu na uso. Mikono ilimtetemeka, lakini hakuiachia.

“Ndiyo minyi huyu,” alisema. Akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu ashuke kwenye treni. Kisha akaona pembeni. “Na mwenzangu je?”

“Nilitikisika,” mama alisema. “Nilisikia inzi.”

“Hata mu tumbo la mama ulikuwa unasumbua.” Alitazama tena. Nilimwona anaanza kukunja uso. Mama akaenda ukutani, akaigeuza ile picha yake iliyokuwa imeangalia nyuma miezi yote hiyo.

“Minyi niko na yangu ile,” alisema. “Weye uko na yako hii. Moja, moja. Maneno imeisha.”

Mama mkubwa alizipima picha mbili kwa macho, moja mkononi, moja ukutani. Akakubali. Kwenye stesheni alikula andazi zima akiwa amesimama, akawatukana wanaume waliombeba, na dirishani alikuwa ameishika picha imeangalia nje ili watu wa kwenye jukwaa waione. Mama alipunga mkono mpaka treni ikapinda. Mimi sikupunga. Nilikuwa namtazama mama kwa upande, nikitafuta kama amekonda.

Ilipita wiki chache, mama mkubwa akapiga simu. Anakula. Alikuwa amemaliza bukari, ule ugali wetu, na samaki, akaomba nyingine, na kikombe sasa anakishika mwenyewe. Nilimuuliza kama anameza dawa, akasema anameza, na mimi nikajiambia kwamba ni dawa. Ni dawa tu. Nilimwambia mteja aliyekuwa kwenye kiti arudi kesho, nikafunga studio saa sita mchana, nikaenda kwa mama nusu nikikimbia.

Alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, saa ambayo siku zote yuko shambani. Nilisimama nikitazama kitenge kwenye kifua chake, kama kinapanda.

“Uko naangalia nini?” aliuliza bila kufumbua macho.

“Bule, hakuna kitu.”

“Nimechoka kidogo tu.”

Nikamwambia kuhusu simu. Bukari, samaki, kikombe. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli, nikasema ni kweli.

“Basi ni muzuri,” alisema, akageukia ukuta alale.

Nikakaa pale mlangoni, na sikuondoka mpaka alipoamka.